Nani bingwa wa mabingwa katika mpira wa Kimarekani? Jibu hutegemea mizani

Mjadala wa mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa zama zote hauna tofauti kubwa na ule wetu wa barazani kuhusu Pele, Maradona na Messi. Kila mtu ana jina lake, na kila jina lina ushahidi wake. Mwaka 1999 jarida la michezo la The Sporting News lilipanga orodha ya wachezaji 100 bora wa historia, likamweka Jim Brown namba moja na Jerry Rice namba mbili. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha ligi yenyewe, NFL Network, kikatoa orodha yake ya 100. Rice akapanda kileleni, Brown akashuka hadi wa pili, na Tom Brady, ambaye wakati huo alikuwa tayari na mataji matatu, akapewa nafasi ya 21. Leo ukiwauliza mashabiki wa Marekani, jina la kwanza kuwatoka wengi wao ni Brady.

Majina matatu katika muda usiofika miaka thelathini. Brown hakukosea hata mbio moja tangu 1999. Alikuwa ameshastaafu tangu 1966. Kilichobadilika ni mizani. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini, na mjadala huu umejaa hukumu za namna hiyo. Makala haya yanaueleza mchezo kwa asiyeufahamu, yanawapitia wanaotajwa sana, kisha yanatazama kila mizani inampa nani ushindi na inamficha nani. Mwisho tunatoa hukumu yetu.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Mpira huu si kandanda, ingawa Wamarekani wenyewe huuita futiboli na kandanda yetu wakaiita soka. Mpira wake una umbo la yai kama ule wa raga, na hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11. Kiwanja kina urefu wa yadi 100, karibu mita 91, na kila mwisho pana eneo la yadi 10 la kufungia. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Kuufikisha mpira katika eneo la kufungia huitwa tachidauni, na ni pointi 6. Kuupiga teke ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Mechi ina robo nne za dakika 15.

Anayeijua raga ataona tofauti mbili mara moja. Hapa mpira unaruhusiwa kurushwa mbele, mara moja katika kila jaribio, na mchezaji asiye na mpira anaweza kuzuiliwa kwa mwili. Michezo hii miwili ni binamu. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila ya kuwahi kuucheza mpira wa Kimarekani, na akapata kuingia uwanjani katika mechi chache za ligi kuu.

Kuna jambo moja la kulishika, kwa sababu mjadala wote umesimama juu yake. Kila timu ina kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda, na kikosi cha mateke, na vikosi hivyo haviingii pamoja. Washambuliaji wakimaliza zamu yao hutoka nje, wakakaa wakitazama wenzao wakilinda.

Katika ushambuliaji, kwotabeki ndiye nahodha wa chombo. Huupokea mpira karibu kila jaribio, akaamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mkimbiaji hupenya nao katikati ya watu. Mpokeaji hukimbia mbele kudaka pasi. Watu watano wa mstari wa mbele ni nadra sana kuugusa mpira. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki na kuwafungulia wenzao njia. Upande wa ulinzi, kazi ni kuwavunjia mipango hao wote, na furaha kubwa ya mlinzi ni kumwangusha kwotabeki mpira ukiwa bado mkononi mwake.

Ligi kuu, NFL, iliasisiwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, Ohio, na sasa ina timu 32. Fainali yake, Super Bowl, ilichezwa mara ya kwanza Januari 1967. Siku hizi huchezwa Februari, na kwa saa zetu huanza yapata saa nane u nusu usiku. Ndiyo sababu wengi wetu huyapata matokeo asubuhi, yakitumwa na jamaa zetu walioko huko pamoja na ubishi wao.

MIZANI YA KWANZA: MATAJI

Tom Brady alichukuliwa na New England Patriots mwaka 2000, akiwa mchezaji wa 199 kuchaguliwa mwaka huo. Kila timu ya ligi, Patriots wakiwemo, ilikuwa imempita zaidi ya mara moja. Septemba 2001 kwotabeki wa kwanza wa timu, Drew Bledsoe, akaumia. Brady akaingia, na Februari 2002 akashika kombe.

Alipostaafu baada ya msimu wa 2022 alikuwa amecheza misimu 23, amefika fainali 10 za Super Bowl na kushinda 7. Sita alishinda akiwa na Patriots na moja akiwa na Tampa Bay Buccaneers, tena ile ya mwisho akiwa na umri wa miaka 43. Hakuna klabu hata moja yenye mataji 7 ya Super Bowl. Patriots na Pittsburgh Steelers, zilizo juu ya zote, zina 6 kila moja. Fainali ya Februari 2017 ndiyo inayosimuliwa zaidi: Patriots walikuwa nyuma kwa pointi 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta Falcons, na wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa ziada.

Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajaufuata mchezo. Lakini taji ni la timu. Fainali ya 2002 iliamuliwa na teke la yadi 48 la Adam Vinatieri wakati saa ikimalizika. Ile ya 2004 pia iliamuliwa na mguu wake, zikiwa zimebaki sekunde 4. Katika fainali ya 2015 dhidi ya Seattle Seahawks, Brady alikuwa nje akitazama wakati mlinzi Malcolm Butler alipoidaka pasi ya wapinzani karibu kabisa na mstari wa kufungia na kuliokoa kombe. Na kinyume chake kipo. Februari 2018 Brady alirusha pasi za yadi 505, rekodi ya Super Bowl, na Patriots wakashindwa na Philadelphia Eagles 41 kwa 33. Siku aliyorusha yadi nyingi kuliko mtu yeyote katika fainali, alirudi nyumbani mikono mitupu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe cha Brady.

Isitoshe, kama mataji ndiyo mizani peke yake, kuna mtu aliyemtangulia. Otto Graham alikuwa kwotabeki wa Cleveland Browns kuanzia 1946 hadi 1955. Alicheza misimu 10, akafika fainali ya ligi mara zote 10, akashinda 7: nne katika ligi ya AAFC, na tatu katika NFL baada ya Browns kuhamia huko mwaka 1950. Ni mataji saba, sawa na ya Brady, kwa misimu isiyofika nusu ya yake. Watetezi wa Brady husema ligi ya enzi zile ilikuwa ndogo na ushindani haukuwa mkali. Hilo ni kweli, lakini anayelisema ameshaondoka kwenye mizani ya mataji na kuingia kwenye mizani nyingine.

Wapo pia wanaomtaja Joe Montana wa San Francisco 49ers, aliyecheza fainali nne za Super Bowl na kushinda zote nne, akirusha pasi 11 za tachidauni bila ya hata pasi moja kudakwa na wapinzani. Brady alishindwa fainali tatu. Je, bora ni kufika kumi na kushindwa tatu, au kufika nne bila ya kushindwa? Anayesema la pili anamwadhibu mtu kwa kufika fainali, jambo ambalo halina mantiki.

Kuna madoa pia. Mwaka 2007 Patriots walipigwa faini na kunyang'anywa haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza kwa kurekodi ishara za wapinzani. Mwaka 2016 Brady mwenyewe alifungiwa mechi 4 katika kesi ya mipira iliyopunguzwa upepo, ingawa alikana. Wapinzani wake huyataja hayo kila mara.

Kwa maoni yetu hoja bora ya Brady si vikombe hata kidogo, ni muda. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi akiwa na miaka 40. Katika msimu wa 2021, akiwa na miaka 44, aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316 za pasi. Hapo hakuna mpiga teke wala mlinzi wa kugawana naye sifa ya kuutunza mwili na akili kiasi hicho.

MIZANI YA PILI: HESABU

Jerry Rice alizaliwa Mississippi mwaka 1962, mtoto wa fundi muashi. Alikuwa akimsaidia baba yake kazini, akidaka matofali aliyorushiwa, na mara nyingi amesimulia kwamba mikono yake ilipata ugumu hapo. Alisoma Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani weusi, na mwaka 1985 akachukuliwa na San Francisco 49ers.

Alicheza misimu 20. Alidaka pasi 1,549 zenye jumla ya yadi 22,895, akafunga tachidauni 208, na akashinda Super Bowl tatu. Katika msimu wa 1987, ambao ulivurugwa na mgomo wa wachezaji, alidaka tachidauni 22 katika mechi 12 tu. Mwaka 2002, akiwa na Oakland Raiders na ametimiza miaka 40, bado alidaka pasi za yadi 1,211.

Tazama aliye nyuma yake. Larry Fitzgerald, wa pili katika historia, alimaliza na yadi 17,492. Kati yao pana pengo la yadi 5,403. Mpokeaji anayefikisha yadi 1,000 kwa msimu huhesabiwa kuwa amefanya kazi nzuri. Basi Fitzgerald angehitaji kurudi uwanjani kwa misimu mingine mitano mizuri, na bado asingemfikia.

Hata hivyo hesabu nazo zataka kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu mbili. Kwanza, urefu wa msimu umebadilika: ulikuwa na mechi 12 hadi 1960, ukawa 14 mwaka 1961, 16 mwaka 1978, na 17 mwaka 2021. Kuilinganisha rekodi ya jumla ya leo na ya 1958 ni sawa na kulinganisha mavuno ya mashamba yasiyolingana ekari.

Pili, sheria zimebadilika. Mwaka 1978 mlinzi alikatazwa kumgusa mpokeaji akishavuka yadi tano, na watu wa mstari wa mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono katika kumkinga kwotabeki. Kabla ya hapo mpokeaji aliweza kusukumwa na kubughudhiwa njia nzima. Tangu mwaka ule ligi imezidi kuwalinda warushaji na wapokeaji, na yadi za pasi zikapanda. Brady na Rice wote walicheza baada ya milango hiyo kufunguliwa. Rice, zaidi ya hayo, alirushiwa na Montana na kisha Steve Young, wawili walioingizwa wote katika Jumba la Mashujaa kule Canton. Mpokeaji hawezi kujirushia mwenyewe.

MIZANI YA TATU: UMBALI NA WENZAKE

Njia moja ya kukwepa tofauti za zama ni kumlinganisha mchezaji na watu waliocheza siku zake, chini ya sheria zile zile. Kwa mizani hii Jim Brown hana mfano miongoni mwa wakimbiaji.

Brown alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha St. Simons, Georgia. Alicheza Cleveland Browns kuanzia 1957 hadi 1965, misimu 9 tu. Katika misimu 8 kati ya hiyo aliongoza ligi kwa yadi za kukimbia. Alicheza mechi 118 na hakukosa hata moja, ilhali kazi yake ilikuwa kuparamiwa na watu wazima kila dakika. Alimaliza na yadi 12,312, wastani wa yadi 104.3 kwa mechi. Hadi leo hakuna mwingine aliyemaliza maisha yake ya mchezo na wastani unaozidi yadi 100 kwa mechi. Rekodi yake ya jumla ilidumu hadi 1984, ilipovunjwa na Walter Payton wa Chicago Bears.

Alishinda taji moja, la mwaka 1964. Kisha, akiwa na miaka 30 na mchezaji bora wa msimu uliotangulia, akatangaza kustaafu akiwa Uingereza kwenye kazi ya filamu. Hakusubiri kuzeeka uwanjani. Mwaka 1967 aliwakusanya wanamichezo weusi mjini Cleveland kumuunga mkono Muhammad Ali alipokataa kwenda vitani Vietnam. Watetezi wake huihesabu siku ile kuwa sehemu ya ukubwa wake. Lakini akihesabiwa hayo, na upande wa pili lazima uhesabiwe: alishtakiwa zaidi ya mara moja kwa kuwadhulumu wanawake, na mwaka 2002 alitumikia kifungo baada ya kukataa ushauri nasaha aliouamriwa na mahakama alipopatikana na hatia ya kuvunja gari la mkewe. Alifariki dunia Mei 2023.

Kwa mizani hiyo hiyo ya umbali, wazee wa mchezo humtaja Don Hutson, mpokeaji wa Green Bay Packers kuanzia 1935 hadi 1945. Tachidauni 99 alizodaka zilibaki rekodi hadi mwaka 1989, miaka 44 baada ya kuondoka kwake. Hutson alikuwa akicheza mchezo wa kesho katikati ya watu wa jana. Lakini miaka yake ina jambo lingine tutakalolirudia hapa chini.

MIZANI YA NNE: KUUGEUZA MCHEZO

Watatu wanaotajwa sana hadi sasa ni washambuliaji. Si ajabu, kwani mwenye mpira ndiye anayefuatwa na kamera. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi inayotolewa na shirika la habari la Associated Press imekwenda kwa mlinzi mara mbili tu: Alan Page wa Minnesota Vikings mwaka 1971, na Lawrence Taylor wa New York Giants mwaka 1986.

Taylor aliingia ligi mwaka 1981 na kuondoka baada ya msimu wa 1993, akiwa na mataji mawili. Alikuwa mzito kama watu wa mstari wa mbele na mwepesi kama mkimbiaji, akitokea pembeni kwenye mgongo wa kwotabeki asiyemwona. Katika msimu wa 1986 aliwaangusha makwotabeki mara 20 na nusu. Nusu ni pale walinzi wawili wanapogawana. Kocha Joe Gibbs wa Washington alilazimika kuubadilisha mpangilio mzima wa ushambuliaji wake kwa ajili ya mtu huyu mmoja. Mlinzi wa kushoto wa mstari wa mbele, ambaye zamani hakujulikana na mtu, akawa mmoja wa wanaolipwa vizuri zaidi, kwa sababu ndiye anayeukinga mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia. Taylor naye ana madoa yake. Mwaka 1988 alifungiwa kwa ajili ya dawa za kulevya.

Tatizo la walinzi ni kwamba kazi yao haikuhesabiwa vizuri. Ligi ilianza kuhesabu rasmi kuangushwa kwa makwotabeki mwaka 1982, kwa hiyo hata msimu wa kwanza wa Taylor haumo katika jumla yake rasmi ya 132.5. Waliomtangulia hawamo kabisa.

Na kuna wasiohesabiwa hata leo. Anthony Muñoz wa Cincinnati Bengals, aliyecheza upande huo huo wa kushoto kuanzia 1980 hadi 1992, hutajwa na wengi kuwa bora wa kazi yake katika historia. Aliingia Jumba la Mashujaa mwaka 1998. Hakushinda taji, na hana yadi wala tachidauni za kutosha kujaza mstari mmoja wa jedwali. Kazi yake ikifanywa vizuri, kinachoonekana ni kwotabeki aliyesimama wima. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha: orodha nyingi za wachezaji bora huanza na kosa hili.

MLANGO ULIOFUNGWA

Turudi kwa Hutson. Kuanzia 1934 hadi 1945 hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika NFL. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu hawakuwasajili, basi. Mlango ulifunguliwa mwaka 1946, Los Angeles Rams walipowasajili Kenny Washington na Woody Strode. Mwaka huo huo, katika ligi ya AAFC, Cleveland Browns wakawasajili Marion Motley na Bill Willis, waliosaidia kumletea Otto Graham mataji yake.

Maana yake ni kwamba Hutson, aliyecheza 1935 hadi 1945, aliwapita wenzake wote, lakini wengine waliostahili kuwa wenzake walizuiliwa mlangoni. Hilo si kosa lake, na mikono yake haikuwa mibaya kwa sababu hiyo. Lakini neno "zama zote" lina wasiwasi ndani yake. Washington alikuwa nyota wa chuo kikuu cha UCLA mwaka 1939. Alipofunguliwa mlango alikuwa na miaka 28 na magoti yaliyokwisha kuumia. Hakuna mizani inayoweza kupima misimu ambayo hakuruhusiwa kucheza.

MWILI UNAOLIPA

Hoja ya muda, inayombeba Brady, inatupeleka kwenye jambo ambalo mashabiki hulikwepa. Mike Webster alikuwa mtu wa katikati wa mstari wa mbele wa Pittsburgh Steelers, mwenye mataji manne ya Super Bowl. Alifariki dunia mwaka 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kuishi kwa shida. Aliyeuchunguza ubongo wake ni daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh. Aligundua madhara ya vipigo vya kichwa vilivyojirudia kwa miaka, na mwaka 2005 akachapisha matokeo yake. Madaktari wa kamati ya ligi walitaka makala yake yaondolewe. Miaka mingi baadaye ligi ilikiri uhusiano huo, na wachezaji wastaafu na familia zao wameshalipwa zaidi ya dola bilioni 1 kufuatia kesi waliyoifungua.

Basi tunapomsifu mtu kwa kudumu misimu 20, tukumbuke kwamba kudumu hakugawanywi sawa. Sheria zinamlinda kwotabeki kuliko mtu yeyote uwanjani. Mtu wa mstari wa mbele hugongana karibu kila jaribio la mechi, msimu baada ya msimu, na hakuna anayezihesabu ngumi hizo za kichwa. Aina ya mchezo huu itakayoingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 ni ile isiyo na kuangushana, ambapo mchezaji husimamishwa kwa kuvuliwa kitambaa kiunoni.

HUKUMU

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nasi tuseme tunavutia wapi.

Ukiuliza nani aliyekuwa na maisha makubwa zaidi ya mchezo, kuanzia alipoingia hadi alipotoka, ni Tom Brady. Misimu 23, yadi 89,214 za pasi, tachidauni 649, klabu mbili tofauti, na ubora uliofika miaka 44. Hapo hatuoni mshindani. Ukiuliza nani aliyewapita watu wa siku zake kwa mbali, ni Jim Brown. Ukiuliza nani aliyewalazimisha wengine wacheze kwa namna nyingine, ni Lawrence Taylor.

Lakini tukibanwa kutoa jina moja la mchezaji bora, tunasema Jerry Rice, kwa sababu hii. Tangu alipoondoka mwaka 2005, kila kitu kimewapendelea wanaomfukuza. Msimu umeongezwa mechi. Walinzi wamezidi kubanwa. Timu zinarusha pasi nyingi kuliko siku zake. Wafukuzaji wote wanasafiri na upepo nyuma yao, na miaka inakwenda bila ya hata mmoja kulikaribia pengo lile. Rekodi za Brady, kwa upande wake, zilipatikana yeye mwenyewe akiwa ndani ya upepo huo. Na Rice hakucheza katika ligi iliyofungiwa watu mlango, kwa hiyo sifa yake haihitaji maelezo ya pembeni. Kweli alirushiwa na mabingwa wawili. Lakini hata Raiders, alikokwenda uzeeni, walipata yadi 1,211 kutoka kwa mtu wa miaka 40.

Anayebakia kutazamwa ni Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, aliyezaliwa mwaka 1995. Alishinda Super Bowl yake ya tatu Februari 2024, na katika zote tatu alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Alishindwa na Brady ana kwa ana katika fainali ya 2021, 31 kwa 9, na akashindwa tena na Eagles mwaka 2025. Akiendelea miaka kumi mingine, atamsumbua Brady kwenye mizani ya mataji na ya muda. Rice hatasumbuliwa naye. Kwake yeye, atakayetubadilisha kauli ni mpokeaji atakayevuka yadi 22,895, na huyo hajaonekana bado.